Mbuyu Usiwe Kichaka: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Miti Mikongwe ya Unguja na Pemba

Kila baada ya Sikukuu naletewa simu. "Maalim, hebu tazama mbuyu huu, mkubwa kama nyumba!" Natazama. Naona kichaka cha kijivu katikati ya skrini, mbingu nyeupe kama shuka, na ncha ya kidole cha mpigaji pembeni. Mwenye simu anashangaa kuliko mimi, maana yeye alisimama pale, akauona mti kwa macho yake, na anajua picha imemwangusha.

Wenzetu wa bara wakitaka miti ya kale hupanda Usambara au Kilimanjaro. Safari ni ngumu, kwa hiyo wanajitayarisha. Sisi milima hatuna. Miti yetu mikongwe imesimama nyuma ya skuli, kwenye maweni (ile nchi ya mawe ya matumbawe), kando ya barabara, au katika msitu wa Ngezi ambao gari inaukata katikati. Tunaifikia kirahisi, basi tunaifikia ovyo: mchana mkubwa, na makobadhi miguuni, bila kumwamkia mtu. Karibu makosa yote ninayoyaona yanaanzia hapo. Simu ni ya mwisho kulaumiwa.

## Vitu vya kuchukua

- Simu yenye chaji kamili na nafasi ya picha zisizopungua mia. Kamera kubwa kama unayo, lakini hatua zote humu zinafanyika kwa simu ya kawaida.
- Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha, na ni bora kuliko pindo la shati lenye jasho.
- Kamba ya mita 20, ipige fundo kila baada ya mita 1.
- Viatu vinavyofunika mguu wote. Jiwe la maweni linakata kama wembe.
- Suruali ndefu na mikono mirefu.
- Maji, lita 2 kwa kila mtu.
- Kanga au shati la rangi kali, jekundu au la manjano. Kazi yake utaiona katika hatua ya 6.
- Mtu mmoja wa kufuatana naye. Huyu si wa hiari.
- Daftari, kalamu, na pesa ndogondogo za kiingilio, nauli na mtembezaji.
- Tochi na tripodi kama utabaki hadi usiku. Mchana tripodi ni mzigo tu.

Droni iache nyumbani. Kuirusha kunataka usajili na kibali, na kijijini inazua maswali ambayo hutaweza kuyajibu ukiwa umesimama juani.

## Hatua ya 1: Chagua mti mmoja tu

Watu hupanga miti mitano kwa siku moja na kurudi na picha mia mbili zisizo na hata moja ya kubandika ukutani. Chagua mmoja. Siku nzima ni yake.

Kwa anayeanza, mbuyu ndio mwepesi, kwa sababu mara nyingi husimama peke yake na umbo lake linaonekana. Kusini na mashariki mwa Unguja, kwenye nchi ya maweni, ipo mingi: Makunduchi, Kizimkazi na vijiji vya jirani. Rasi ya Fumba nayo inayo. Ukipata chombo kutoka Fumba, nenda kisiwa cha Kwale katika ghuba ya Menai, kuna mbuyu mkubwa ulioanguka ukalala chini na bado ukaendelea kuchipua. Huo sina mfano wake.

Ukitaka safu ya miti, iko miembe ya Bi Khole pale Bungi, pande zote mbili za njia iendayo kusini. Hadithi zake waulize wazee, hapa si mahali pake. Ninalosema mimi ni moja: ile ni barabara kubwa, magari yanakwenda mbio, na kila mtu anataka kusimama katikati ili apate safu zote mbili. Usisimame. Kaa ukingoni, elekeza simu kwa mshazari, safu zote mbili zitaingia.

Msitu wa Ngezi, Pemba, uache uwe wa pili au wa tatu. Ni mgumu, nao una hatua yake mbele.

Anayekaa mjini na hajawahi kufanya lolote katika haya afanye mazoezi kwanza kwenye Mtini, ule mti mkubwa wa Mizingani karibu na bandari. Hauhitaji nauli, na ukikosea unarudi kesho.

Msimu. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukavu. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, matawi yako wazi na mti unaonekana kama umepandwa mizizi juu. Baada ya mvua za vuli unavaa majani, na hapo shina linajificha kwenye kivuli chake lenyewe. Kwa picha ya umbo, nenda wakati wa kusi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za maweni hushikwa na magugu na simu hushikwa na maji. Na wiki ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, isahau Makunduchi kwa kazi hii. Nenda ukashangilie kama wengine.

## Hatua ya 2: Piga hodi

Mti mkongwe kwetu una wenyewe. Unaweza kuwa kwenye kiambo cha mtu, makaburini, au ukawa mzimu, yaani mahali pa tambiko. Kila mmoja kati ya hii una mlango wake.

Fika kwa sheha kwanza, yaani kiongozi wa serikali wa pale, au mtume mtu wa pale akupeleke. Sema jina lako, unapotoka, mti unaoutaka na picha zitakwenda wapi. Vijiji vya kusini mwa Unguja, na Tumbatu pia, mti wa mzimu una mvyale wake, yaani mtu wa ukoo unaoangalia mahali hapo. Sheha atakuambia kama inabidi umwone.

Mwaka mmoja nilikwenda moja kwa moja kwenye mbuyu ulio nyuma ya nyumba tatu, nikaanza kupiga picha. Bibi mmoja akatoka na ungo mkononi.

"Mwanangu, hodi umempigia nani?"

"Shikamoo bibi. Sijaona mtu."

"Marahaba. Hukuona mtu, lakini watu wamekuona wewe."

Nikakaa barazani kwake nusu saa, tukaongea ya mvua na ya bei ya sukari. Nilipoinuka alinionyesha upande wa pili wa mti ambao mimi nisingeuona, kwa sababu kijia chake kinapita uani kwake. Picha niliyoitundika nyumbani ni ya upande ule.

Ukikuta vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa, chetezo, majivu ya ubani, sarafu au chungu, usiguse wala usisogeze ili "picha iwe safi". Usivipige picha mpaka umeuliza na ukakubaliwa. Makaburini usipite juu ya kaburi hata kama ndipo penye pembe nzuri.

Pemba, kwenye mashamba ya mikarafuu mikongwe, ruhusa ni ya mwenye shamba, na wakati wa mavuno iombe kabla hujaingia. Mgeni anayezungukazunguka chini ya mikarafuu iliyozaa ataulizwa tu, na anayeuliza ana haki.

Utajua hatua hii imefaulu pale watoto wanapokufuata wakicheka na hakuna mtu mzima anayekutazama kwa mbali.

## Hatua ya 3: Panga saa, na panga upande

Jua letu ni la utosini. Mapema Machi, na tena mapema Oktoba, saa 6 mchana linapita juu ya kichwa hasa. Kwa jua hilo shina lote liko kivulini chini ya matawi yake, na ardhi inayolizunguka inang'aa. Simu inachanganyikiwa, unapata shina jeusi na mchanga mweupe. Hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia magome.

Nyakati nzuri ni mbili: tangu jua linapochomoza hadi saa 2 na nusu asubuhi, na tangu saa 10 na nusu alasiri hadi magharibi. Mwanga unakuja kwa ubavu, kila kunjo la gome linatupa kivuli chake, na mti unapata mwili.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na kwetu ni jepesi kulikumbuka. Kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa, maana Makka iko takriban juu yetu moja kwa moja kwenye ramani. Sasa, kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba, jua la mchana huwa upande wa kibla. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwa upande wa mgongo wa mwenye kuswali. Kwa hiyo wakati wa kusi, uso wa shina unaotazama kibla ndio unaopata mwanga, na uso wa kusini unashinda kivulini. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Ukifika kijijini tazama msikiti umeelekea wapi, utajua upande wa kupigia kabla hujafika mtini.

Kama unakwenda Ngezi, saa inabadilika. Subiri hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Tia simu mfukoni, zunguka

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha picha na ushahidi wa kwamba ulifika.

Ukifika, simu iwe mfukoni. Zunguka mti mara mbili. Mara ya kwanza karibu, mkono unaweza kugusa gome. Mara ya pili mbali, hatua thelathini au arobaini, pale vichaka vinaporuhusu.

Mzunguko wa karibu unatafuta maelezo: pango la shina, makovu ya pale watu walipochuna gome kusokota kamba (mbuyu huota gome jipya, lakini kovu hubaki), vigingi vilivyochomekwa kupandia, majina yaliyokatwa kwa kisu na vijana ambao leo ni wazee. Mbuyu mnene mara nyingi si shina moja, ni mashina kadhaa yaliyokua pamoja yakashikana, na ukizunguka polepole utaona mishono.

Mzunguko wa mbali unatafuta umbo. Kila mti una upande mmoja ambao matawi yanaachana, hayapandani. Ukiwa upande mwingine, tawi la mbele linafunika la nyuma na unapata kile kichaka tunachokikimbia. Utauona upande huo ghafla, kama mtu anayegeuza uso. Chora mstari chini kwa kisigino uliposimama.

Tahadhari za mzunguko wa karibu:

Nyuki. Pango la mbuyu ni mzinga uliotayarishwa. Kabla ya kuchungulia simama kando, sikiliza, tazama kama kuna vitu vidogo vinaingia na kutoka. Vikiwepo, ondoka bila kupunga mikono.

Upupu. Unatambaa kwenye vichaka vya maweni na vya Pemba vilevile. Maganda yake yakikauka, upepo unapeperusha vinyweleo, na havihitaji hata uviguse. Mimi uliwahi kunipata shingoni, nikarudi mjini nimesimama ndani ya daladala kwa sababu kukaa kulinishinda. Usijikune, kujikuna ndiko kunakousambaza. Sisi tulikuwa tukijisugua majivu makavu, kisha tunaosha.

Matawi. Usikae kupumzika chini ya tawi lililokufa. Mti wa mbuyu ni laini na umejaa maji, tawi huachia siku isiyo na upepo.

## Hatua ya 5: Rudi nyuma, kisha rudi tena

Kosa la picha iliyopinda, ambapo mti unaonekana unaanguka kwa nyuma, linatokana na kusimama karibu na kuinua simu juu. Lenzi pana ya simu, ile iliyoandikwa 0.5, inazidisha balaa: shina linavimba chini, kichwa kinakuwa kidogo kama ngumi.

Kipimo changu ni hiki: mti ukiwa na urefu wa mita 15, simama mita 30, mara mbili ya urefu. Kisha tumia 1x au 2x kujaza picha. Simu ishike wima kabisa, isiinamie mbele wala nyuma. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera, na shina lifuate mstari wa kusimama.

Maweni hayakupi mita 30 kila mara. Tafuta njia ya ng'ombe au ukingo wa shamba. Kama hakuna kabisa, kubali kuukata mti: piga shina na matawi ya kwanza tu. Kipande kilichopigwa vizuri kinashinda mti mzima uliopondwa.

## Hatua ya 6: Msimamishe mtu shinani

Mti mkubwa hauna ukubwa mpaka uwe na jirani. Ukiupiga peke yake jangwani, jicho halina cha kulinganisha, na mbuyu wa mzingo wa mita 12 unafanana na mpapai uliovimba. Ndiyo sababu ya kufuatana na mtu, na ndiyo sababu ya ile kanga nyekundu.

Msimamishe akigusa gome. Hapa ndipo watu wanapoharibu: mtu anasogea mbele ili sura yake ionekane, na kila hatua anayoisogelea simu inamkuza yeye na kuupunguza mti. Akifika nusu ya njia, amekuwa mrefu mara mbili. Mwambie hii si picha yake. Ajae kama sentimita moja kwenye skrini, kanga yake ikiwaka kama nukta, na atazame juu. Tena asisimame katikati ya shina. Ukingoni ni bora, ili mpaka wa mti uonekane.

Kama mwenzako amegoma, baiskeli iliyoegemezwa inafanya kazi. Ndoo pia. Mbuzi nimejaribu, hakai.

Mwonyeshe picha mtu ambaye hajawahi kuuona mti huo. Akisema "Eee!" kabla ya kuuliza ni wapi, umefaulu.

## Hatua ya 7: Funga mwanga

Simu inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Mbingu yetu inang'aa, shina ni la kijivu, wastani wake unaharibu vyote viwili.

1. Futa lenzi kwa kitambaa. Chumvi ya pwani inaweka ukungu usioonekana kwa jicho, na picha zote hutoka kama zimepigwa kupitia chandarua.
2. Gusa skrini pale penye shina, uendelee kubonyeza mpaka simu ionyeshe kwamba imefunga.
3. Kialama cha jua kitatokea. Kivute chini kidogo kidogo mpaka mbingu irudishe rangi yake, kisha simama. Shina litakuwa na giza kiasi, usihofu. Giza linaharirika. Mbingu iliyoungua nyeupe haihaririki.
4. Piga tatu: moja hivyo, moja yenye giza zaidi, moja yenye mwanga zaidi.

Flashi izime. Inafika mita chache tu, zaidi ya hapo inamulika vumbi na mbu.

Kama jua liko nyuma ya mti na huwezi kuhama, geuza nia. Subiri magharibi, gusa mbingu badala ya shina, mti uwe mweusi wote juu ya wekundu. Kwa mbuyu usio na majani inapendeza sana. Kwa mwembe inatoka kama mwavuli, usijisumbue.

## Hatua ya 8: Ukienda Ngezi

Ngezi iko kaskazini magharibi mwa Pemba. Unapanda daladala ya Konde, kutoka Chake au kutoka Wete, na kutoka Konde unachukua bodaboda kwenye njia iendayo Kigomasha. Patana naye saa ya kukurudia kabisa, maana jioni usafiri unapungua. Ofisini pale msituni unalipa kiingilio na kupewa mtembezaji. Mchukue hata kama unajiona mjanja, yeye anajua mvule upi umebaki na upi ulianguka.

Hapa sheria mbili za juu zinapinduka.

Kwanza saa. Jua likiwaka, sakafu ya msitu inakuwa na madoa ya mwanga na weusi kama ngozi ya chui, na picha haieleweki. Unataka siku ya mawingu, au dakika chache baada ya manyunyu. Mwanga unatandazika, kijani kinaiva, magome yaliyolowa yanatoa rangi.

Pili umbali. Mvule unaweza kufika mita 50, na shina lake hupanda mita nyingi bila tawi. Huwezi kurudi nyuma mara mbili ya hapo, kuna miti mingine imekuziba. Basi tumia panorama ya kusimama: weka kamera kwenye panorama, ilaze simu kwa ubavu, anzia mizizini na panda polepole mpaka kileleni, viwiko vikiwa vimebana mbavu. Ukienda kasi shina linakatika kama mua. Piga tatu, moja itakubali.

Mbingu isiingie ila kwa tundu dogo. Kila tundu la mbingu msituni ni doa jeupe, na jicho linakimbilia doa.

Giza la msitu linaifanya simu ifungue jicho muda mrefu, kwa hiyo mkono ukitikisika hata kidogo picha inafifia. Egemea mti mwingine, pumua nje, weka kipima muda cha sekunde 3 ili usiiguse simu inapopiga. Safari yangu ya kwanza Ngezi nilirudi na picha sitini, zote kama zimepigwa na mtu mwenye homa ya malaria.

Kwa kipimo cha ukubwa, badala ya mtu tafuta mpapindi karibu na shina. Ni mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni Pemba peke yake, hauoti kwa asili kwingine duniani. Mwembamba ule ukisimama ubavuni mwa mvule unasema yote. Ukiupata mjoho, mti mwingine mkubwa wa msitu huu, na mizizi yake, shuka chini mpaka magoti yaguse udongo na upige kutoka huko.

Siafu. Kabla ya kupiga magoti tazama unapoyaweka.

## Hatua ya 9: Pima, usikisie umri

Ukimaliza picha za umbo, toa kamba. Izungushe shinani kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua, ambacho ndicho wapimaji wa misitu wanachokitumia. Kamba isipande na kushuka. Hesabu mafundo, andika. Mzingo ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo: mita 12.56 ni kipenyo cha mita 4.

Huna kamba? Tumia pima, ya mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mafundi wa majahazi. Pima mikono ya mwenzako nyumbani kwa futi, kisha hesabu mara ngapi anaukumbatia. Watoto wakishikana mikono kuuzunguka ni kipimo na ni picha kwa pamoja, ila waulize wazazi wao kwanza.

Usiandike chini ya picha "mbuyu wa miaka 800". Kila kijiji kina namba yake na kila mtembezaji ana yake. Mbuyu huwa na pango ndani, sehemu ya kati iliyo kongwe zaidi mara nyingi haipo, mashina yake yameungana, na unene wake huvimba na kunywea kwa maji. Umri hautoki kwenye unene. Watafiti hutumia kaboni ya mionzi, na kwa njia hiyo mbuyu mmoja wa Zimbabwe, ulioitwa Panke, ulionekana kuwa na miaka kama 2,450. Wako andika mzingo na tarehe. Hiyo ni kweli ambayo hakuna wa kuibisha.

## Hatua ya 10: Usiku, kwa anayetaka

Usiende peke yako, na sheha ajue.

Kwa nyota tumia kalenda ya Kiislamu: kuanzia siku ya 27 ya mwezi hadi siku ya 3 ya mwezi unaofuata mbingu ni nyeusi. Kwa mti ulioangazwa na mbalamwezi, nenda siku ya 13 hadi ya 15. Tripodi, hali ya usiku ya simu, kipima muda, na tochi ifunikwe kwa karatasi ili umulike shina kwa sekunde moja au mbili tu. Ukimulika zaidi mti unakuwa kama wa plastiki.

Miezi ya vuli tazama maua ya mbuyu. Hufunguka jioni, meupe, yananing'inia, na kesho yake yanaanguka. Popo huyafuata usiku. Wapige kwa mwanga uliopo au uwaache, usiwamulike usoni.

## Hatua ya 11: Kagua kabla ya kuondoka

Kaa kivulini, ongeza mwangaza wa skrini, kuza kila picha muhimu. Tazama gome: linakwaruza jicho au limekuwa uji? Tazama mbingu: ina rangi? Tazama mtu: anagusa shina? Jibu moja likiwa hapana, mti bado upo na jua bado lipo. Rudi kwenye mstari wa kisigino.

Futa mbovu palepale. Andika daftarini kijiji, mzingo, tarehe, saa, na ulisimama wapi: "hatua 38 kutoka shinani, upande wa kibla, jiwe lenye ufa liko mguu wa kulia". Mwakani utasimama palepale na kupiga tena, kabla na baada ya majani.

Halafu chapisha nakala mbili. Moja yako. Nyingine mpelekee aliyekufungulia njia, ndani ya bahasha, na ukifika ukaribishwe kwanza ndipo uitoe. Yule bibi wa ungo aliishika yake kwa mbali, akaisogeza karibu, akamwita mjukuu wake aje atazame. Kisha akaniuliza kwa nini sikuipiga kutoka dirishani kwake, maana kutoka pale ndipo mti unapoonekana wote. Nimeahidi kurudi Julai.